Pakiti Nzito za Ghizlane

Kila siku baada ya shule, Ghizlane alipitia dukani kwa baba yake, muuza zafarani katika soko la Taroudant, mji wa Moroko. Alikunywa chai ya nanaa, kisha akatandaza kadi zake za wachezaji wa mpira juu ya gunia. Darasani kwao kulikuwa na ubishi usiokwisha. Wengine walipenda kadi za chapa ya Farasi kwa rangi zake. Ghizlane alikuwa shabiki wa chapa ya Mlima damu damu, kwa sababu kadi za Mlima ni nene, hazikunjiki hata ukizipiga kofi mchezoni.

Msichana huyu alikuwa mdadisi kupita kiasi. Siku moja aligundua kwamba kadi ya Mlima inayong'aa, ile inayosakwa na kila mtoto, ni nzito kidogo kuliko nyingine. Je, pakiti iliyofungwa yenye kadi hiyo ndani nayo ingekuwa nzito? Mizani ya baba ilipima hata nyuzi chache za zafarani. Alitamani sana kujua.

Alasiri ilipoingia, Ami Lahsen, mzee muuza kadi wa duka la jirani, alilaza fimbo mlangoni kwake kuonyesha amekwenda kuswali.

"Niangalizie duka, binti yangu," alisema.

Baba naye akiwa ameshatangulia msikitini, Ghizlane akalibeba boksi la Mlima mpaka kwenye mizani, akapima pakiti moja moja. Nne zilizidi uzito. Akazinunua, akaacha pesa kamili. Zote zilikuwa na kadi zinazong'aa! Alirukaruka kwa furaha. Tangu hapo, kila boksi jipya lilipoletwa, alifanya vivyo hivyo.

Wiki ya tatu, Badr, mwanafunzi mwenzake, alikuja shuleni amevimba kwa hasira.

"Mlima ni takataka! Nimenunua pakiti kumi na moja, sijapata hata moja inayong'aa. Yule mzee anazifungua, halafu anazibandika tena."

"Si yeye!" Ghizlane alisema.

"We umejuaje? Nimeshamwambia usoni kuwa ni mwizi."

Masomo yalipokwisha, Ghizlane alikimbia sokoni, akamkuta Ami Lahsen amekaa, boksi mapajani.

"Miaka thelathini nauza hapa," mzee alisema taratibu. "Leo mtoto kaniita mwizi."

Ghizlane aliangua kilio, akaeleza yote. "Lakini nililipa, Ami! Kila pakiti nililipa."

Baba yake alikuwa amesikia. "Nikichambua nyuzi nyekundu zote za zafarani nikazificha, kisha nikamuuzia mtu makapi kwa bei ileile, utaniitaje?"

"Mdanganyifu," Ghizlane alinong'ona.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa akakiri.

"Kumbe ni wewe, panya mkubwa!" Badr alimaka. Wenzake wakamzomea. Ghizlane akazitia kadi zake zote zinazong'aa katika mfuko mmoja, akaupitisha, na kila aliyekuwa amenunua Mlima akachomoa moja bila kuangalia. Yeye hakubaki na hata moja.

Jioni Badr alikwenda mwenyewe kwa Ami Lahsen, akambusu kichwani kuomba radhi. Mzee akacheka, akamwuliza kama bado Mlima ni takataka.

"Kudadisi si kosa, mwanangu," baba alimwambia Ghizlane. "Lakini uliyoyagundua uliyatumia kuwanyima wenzako, na aliyelaumiwa ni mzee wa watu."