Mbele Ipi?

Kila jioni baada ya shule kazi yake ilikuwa ile ile: kuokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama, kuvitenga kwa rangi, kisha kufagia nyuzi sakafuni. Msichana huyu wa darasa la sita alikuwa na jina lake zuri tu, lakini nyumbani na shuleni walimwita Nimeelewa. Na jina lilimkaa! Ukimtuma dukani, kabla hujataja kitu cha pili ameshafika mlangoni. "Nimeelewa!" Kisha anarudi na chumvi badala ya sukari, tena anacheka. Darasani mwalimu akiuliza, "Tumeelewa?" sauti yake ndiyo iliyotangulia zote.

"Mwanangu, hiyo haraka yako itatuponza siku moja," mama alizoea kumwambia huku akikanyaga cherehani.

Dada yake mkubwa alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alifanya kazi katika maabara ya kupima maji ya kunywa, na kwa muda mrefu alikuwa akitafuta ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili, ile inayofuata baada ya shahada ya kwanza. Kutafuta huko si mchezo, jamani. Mfuko mmoja ulimkataa kwa sababu barua ya mwalimu wake wa chuo ilichelewa. Mwingine ulimtaka atoe pesa kwanza ili jina lake "lisukumwe". Akanusa utapeli, akaachana nao. Mwishowe mfuko mmoja ukamwita kwenye usaili, Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa simu ya video. Mwaka unaofuata umri wake ungekuwa umepita ule wanaoukubali. Nafasi ilikuwa hiyo tu.

Jumanne jioni mama alikuwa amepeleka nguo kwa mteja. Dada alirudi kazini, akaiweka simu mezani, akachukua taulo.

"Naenda kuoga. Simu ikilia, pokea. Sikiliza mpaka mwisho, na usichokielewa uliza. Umeelewa?"

"Nimeelewa!" alijibu mdogo wake, macho yakiwa dirishani. Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba na zamu yake ilikuwa inakaribia.

Simu ikalia. Alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole, katibu wa mfuko wa ufadhili.

"Dada yako hayupo karibu? Basi mwambie hivi. Usaili umesogezwa mbele siku moja. Saa ni ile ile. Na jambo jingine..."

"Nimeelewa!"

"Una uhakika, mwanangu?"

"Nimeelewa kabisa, shikamoo, asante!" Akakata simu, akatoka mbio.

Alipokuwa anasubiri zamu yake, wazo likamjia. Mbele ipi? Alhamisi, mbele yake ni Ijumaa. Au wakisogeza mbele ndiyo wanawahisha, iwe Jumatano? Angeweza kurudi ndani akapiga ile namba. Lakini kamba ilikuwa inazunguka, wenzake wanamwita, naye akaingia akaruka.

Wakati wa chakula akatoa habari. "Wamepiga. Usaili ni Ijumaa."

Dada aliacha kula. "Katibu mwenyewe amesema Ijumaa? Amelitaja neno Ijumaa?"

Hapo ndipo angesema kweli. Lakini mama alikuwa anamtazama, na aliona aibu kukiri kwamba kwa mara nyingine hakusikiliza. "Ndiyo, amesema Ijumaa."

"Afadhali!" dada alisema, uso ukachanua. "Basi kesho nitakwenda na wenzangu kuchukua maji ya visima vya mbali. Huko mtandao haushiki, lakini Alhamisi nitakuwa na siku nzima ya kujiandaa."

Mtoto yule alisogeza sahani pembeni, akaenda kulala.

Asubuhi, kipindi cha kwanza kilikuwa hisabati. Mwalimu aliingia na rundo la karatasi kwapani.

"Jaribio la Ijumaa nimelisogeza mbele," alisema.

Nusu ya darasa ilipiga makofi. Wengine wakaguna.

"Mnashangilia nini nyie? Tunalifanya sasa hivi. Kalamu juu ya meza!"

Kumbe mbele inaweza kuwa leo! Nimeelewa aliisukuma kalamu pembeni. Kama usaili ni leo, dada yake yuko kwenye gari sasa hivi, anakwenda mahali pasiposhika simu, na watu wa ufadhili watapiga, watapiga tena, kisha watalifuta jina lake. Akasimama.

"Mwalimu, naomba ruhusa."

"Eti! Unakimbia jaribio?" Darasa likaangua kicheko.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: tumbo linauma. Angeruhusiwa mara moja, wala hakuna ambaye angejua. Lakini uongo wa jana ndio uliomfikisha hapa.

"Mwalimu, jana nilipewa ujumbe wa dada yangu. Sikuuelewa. Nikasema nimeelewa, halafu nikamdanganya siku. Usaili wake wa ufadhili huenda ni leo."

Vicheko vilikatika. Mwalimu alitazama saa yake ya mkononi, akatoa simu. "Namba yake unaijua?"

Aliijua kwa kichwa. Simu ikaita mpaka ikakatika. Mwalimu akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, na ngurumo ya injini ikasikika.

"Dada! Hakusema Ijumaa. Alisema mbele. Ijumaa nilisema mimi."

Dada akasema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu," akakata.

Wenzake walikuwa wameinamia jaribio, lakini hakuna aliyeandika. Simu ikalia tena.

"Nimempigia katibu. Ni leo, saa nne," dada alisema, akihema. "Nimemwomba dereva anirudishe maabara. Na wanataka niwaonyeshe vyeti halisi. Hukuambiwa?"

"Alikuwa anataka kusema. Nilimkatisha."

"Sina muda wa kukugombeza. Viko nyumbani, kwenye bahasha ya kaki, kabatini, chini ya mashuka. Niletee. Umeelewa?"

Neno lilimfika ulimini. Akalimeza.

"Bado. Kabati lako au la mama?"

"La mama."

"Mama ana bahasha mbili za kaki."

Dada alisita. "Kweli. Chukua ile iliyofungwa kwa uzi mwekundu."

"Kabati la mama, chini ya mashuka, uzi mwekundu. Naleta maabara."

"Hapo sawa. Kimbia!"

Mwalimu alimwashiria mlango, naye akakimbia mpaka mbavu zikamchoma. Aliifikisha bahasha dada akiwa ameshakaa katika chumba cha kuhifadhia chupa, koti jeupe mwilini, simu imeegemezwa kwenye boksi. Mlango ukafungwa. Akabaki kwenye ukumbi, mgongo ukutani, analia bila sauti.

Mlango ulipofunguliwa, dada alikuwa amelowa jasho.

"Nimekukasirikia sana," alisema. "Hilo ujue. Ungesema jana usiku, ningelala nimejiandaa."

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe. Ila leo niache kwanza." Alifika mlango wa nje, akageuka. "Kuna swali moja sikulielewa. Nusura nijibu hivi hivi, nikakukumbuka wewe. Nikawaambia sijaelewa, naomba mrudie. Wakarudia, nikalijibu."

Wiki zilizofuata kila simu iliyolia iliwashtua wote. Jibu lilipokuja, dada alilisoma amesimama, akalirudia, kisha akamkumbatia mama pamoja na kitambaa alichokuwa anashona. Amepata! Katibu alipompigia kumpongeza, alikiri kwamba naye alikosea: angetaja siku kwa jina lake.

Jioni ya mwisho kabla ya safari ya kwenda masomoni, dada alikuwa anafunga sanduku na kutoa maagizo.

"Nitawapigia Jumapili mchana. Mtandao ukisumbua, nitasogeza mbele siku moja. Sawa?"

Cherehani ikanyamaza. Mdogo wake akaacha ufagio.

"Mbele ipi, dada?"

Wakatazamana, kisha wote watatu wakacheka mpaka mama akajifuta machozi kwa kipande cha kitambaa.

"Sikieni, wanangu," mama alisema kicheko kilipotulia. "Kusema sijaelewa ni aibu ya kitambo kidogo, inapita. Kusema umeelewa na huku hujaelewa, hasara yake anaweza kuibeba mtu mwingine, tena asiye na kosa. Muwe mnauliza." Akamgeukia mdogo. "Umeelewa?"

Msichana alifikiri kwanza.

"Nimeelewa, mama," alisema. "Ila dada bado hajanijibu."

"Jumatatu," dada alisema. "Nitapiga Jumatatu."