Majina ya Marehemu

Haya yalimpata rafiki yangu, karani wa parokia, mtu asiyejua kutunga uongo hata wa kumnyamazisha mtoto. Siku moja kabla ya Siku ya Marehemu Wote, alifungua sanduku la kanisani ili achape majina yaliyoandikwa na waumini, yasomwe kwenye misa. Katikati ya vikaratasi akakuta jina lake mwenyewe. Mwandiko ulikuwa wa dada yake, aliyemlea na kumfundisha kushika kalamu.

Akaenda na kikaratasi kile nyumbani.

"Dada, umeshaniombea raha ya milele, na vyombo vyote vile bado vinanisubiri jikoni?"

Dada alikitazama bila kucheka. "Mimi nikuandike wewe, mdogo wangu?"

"Mwandiko ni wako."

"Basi kichane, yaishe," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Akakichana. Katika orodha aliyoichapa, jina lake halikuwemo.

Jioni ya misa umeme ulikatika, msomaji akasoma kwa mshumaa. Kila jina lilipotajwa, waumini waliitikia, "Umpe raha ya milele, ee Bwana." Dada alikuwa amepiga magoti ubavuni mwake, amemshika mkono. Majina yakaisha. Msomaji akapuliza mshumaa, kanisa zima likanyamaza. Hakuna aliyetaja jina jingine lolote.

Hapo ndipo rafiki yangu alipomsikia dada yake gizani, peke yake, kwa sauti ileile aliyokuwa akimbembelezea utotoni, akiitikia taratibu: "Umpe raha ya milele, ee Bwana."