Chokaa Katika Damu

Mtaani walimwita Fundi Chokaa, na jina lilimkaa. Kila jioni alirudi kutoka kupaka nyumba chokaa akiwa mweupe, nyusi mpaka vidole vya miguu. Mkewe alimsimamisha mlangoni.

"Wewe mzimu, jikung'ute kwanza! Nimeshafagia."

"Mzimu gani anakuletea unga?"

"Lete unga. Mzimu ubaki nje."

Mkewe alikuwa na saratani ya titi. Alikuwa akitibiwa, na mizaha yake haikupungua. Lakini mifupa ilianza kumuuma. Dada yake fundi akaja kukaa nao, amsaidie wifi yake.

Kisha ikaja kiu. Mgonjwa alikunywa, akaenda msalani, akarudi kuomba maji mengine. Chakula kilimtia kichefuchefu. Choo kikubwa kikawa taabu. Mchana alisinzia.

"Kaka, mkeo amekuwa mtungi uliotoboka," alisema dada. "Msalani haishi kwenda, na miguu haina nguvu. Ataanguka. Nimempunguzia maji."

"Na mifupa?"

"Nimemnunulia vidonge vya kuitia nguvu. Anameza asubuhi na jioni."

Fundi alishukuru. Nia ilikuwa njema.

Jioni moja alifika mlangoni, hakuna aliyemzuia. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, midomo mikavu. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Mzee, unamtafuta nani?"

Fundi alidhani ni utani. "Namtafuta mke wangu."

"Hayupo," alijibu kwa upole. "Ametoka."

Fundi alimwita dada yake chumbani.

"Ugonjwa umepanda kichwani," dada alinong'ona. "Kaka, tujikaze. Tuwaite ndugu waje waage."

"Kabla ya ndugu, namwita sista," alisema fundi. Nyumba ya pili aliishi muuguzi wa wodi ya saratani. Alikuja na kanga begani, akainama kwa mgonjwa. Akauliza habari za kiu, mkojo, choo na usingizi. Kila jibu lilimkunja uso.

"Hospitali," alisema. "Sasa hivi, si kesho."

Akawasindikiza. Huko walitoa damu, wakaipima. Daktari akarudi.

"Kalsiamu imezidi sana katika damu. Ni yale madini ya chokaa."

Fundi aliposikia chokaa, alisimama ghafla.

"Basi ni mimi! Yeye ndiye anayefua nguo zangu. Nimemuua mke wangu kwa kazi yangu!"

"Keti, fundi," alisema muuguzi. "Si chokaa ya ndoo yako. Hii imetoka ndani yake mwenyewe."

"Ndani? Nani kaiweka?"

"Aliyemuumba. Mifupa yetu imejengwa kwa madini hayo. Kila siku mwili unabomoa kidogo na kujenga kidogo. Hata wewe, hapo ulipoketi."

Fundi alitazama mikono yake. Miaka yote hiyo amekarabati kuta za watu, kumbe ndani yake kulikuwa na mafundi wasiopumzika! Aliiweka mikono magotini taratibu, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada.

"Baadhi ya saratani huvuruga kazi hiyo," muuguzi aliendelea. "Mifupa inamwaga madini, yanajaa kwenye damu. Figo zinapoteza maji mengi, ndiyo ile kiu. Tumbo linalala. Akili inafunikwa."

"Kwa hiyo ile kiu..." Dada alijishika kichwa. "Alikuwa na haki ya maji, nami nikamnyima!"

"Hukujua, dada. Na vidonge vya mifupa, mara nyingi ni kalsiamu hiyohiyo. Viacheni. Mwenye saratani asimeze kitu cha namna hiyo kabla ya kumuuliza daktari."

"Atarudi?" fundi aliuliza.

"Tumuombe Mungu, na tumtibu. Maji ya mshipa kwanza. Kisha dawa ya kuzuia mifupa isimomonyoke."

Fundi alikaa kando ya kitanda. Tone lilidondoka, likafuatwa na jingine. Hakuthubutu hata kukohoa. Siku ya kwanza mkewe hakusema kitu. Iliyofuata alifumbua macho, akafumba. Halafu asubuhi moja alimgeukia dada.

"Wifi, nani kakufunga kilemba hicho? Umevunjika kichwa?"

Dada alilia na kucheka kwa pamoja. Fundi alikimbia kumwita muuguzi.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi hakuwaficha.

"Saratani bado ipo, na hali hii inaweza kurudi. Mleteni apimwe damu kila mtakapoambiwa. Anywe maji kama daktari alivyosema. Atembee kidogo kidogo, akishikwa mkono. Kiu, kichefuchefu, kukosa choo, usingizi mwingi au kuchanganyikiwa vikirudi, mleteni siku hiyohiyo. Maji ya nyumbani peke yake hayatatosha."

Tangu hapo dada alikuwa wa kwanza kujaza jagi. Mgonjwa alitembea mpaka dirishani, akipumzika, akiendelea.

Jumapili fundi alimkuta ameketi kwenye mwanga, kikombe mkononi. Alikunywa taratibu mpaka chini. Fundi alisimama akiangalia koo lake likipanda na kushuka.

"Unaangalia nini, Baba Watoto? Hujawahi kumwona mtu akinywa maji?"

"Sijawahi," alisema fundi, na alisema kweli.