Nani Anamdhuru Soksi?

Kila jioni mama alipopakua chakula, Chiriku alikuwa wa kwanza kufika mezani. Walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Chini ya kiti chake alikaa Soksi, paka mweusi mwenye miguu myeupe, akingoja wali wake na mchuzi.

Lakini siku hizi Soksi alikuwa amebadilika. Alishinda amelala, alitapika mlangoni, na mjusi alipompitia mbele ya pua alimtazama tu. Chiriku alishikwa na hofu. Akaanza kujiuliza nani anamdhuru paka wake, na hakutafuta mbali. Alimshuku Mama Fundi, mshonaji wa nyumba ya pili.

Mama Fundi na Soksi walikuwa hawaivi hata kidogo. Paka alipenda kulala juu ya vitambaa vya wateja, naye fundi alimfukuza kwa rula ya mbao. "Toka! Gauni la bibi harusi si godoro lako! Iko siku nitakukomesha!" Chiriku aliyakumbuka maneno hayo, akaona hayo hasa ni maneno ya mtu mwenye mpango.

Akaanza kumchungulia kupitia dirisha la jikoni. Jumamosi asubuhi alimwona Mama Fundi akitoka uani na kifurushi cha karatasi. Mama yule alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaita kwa sauti ya chini, "Pss, pss." Soksi akajikokota hadi kwake.

Chiriku alichomoka mbio. "Unampa nini paka wangu?"

"Samaki tu, mwanangu," fundi alijibu kwa kushtuka.

"Mbona kwa kujificha? Unamtilia sumu!"

Mteja mmoja aliyekuja kupimwa gauni alitoa kichwa mlangoni, akamtazama fundi kwa jicho baya. Chiriku alinyakua kifurushi, akambeba Soksi hadi kwa mama yake. Mama alimkemea kwa kumtuhumu mtu mzima bila hakika, lakini alipomwona paka alivyolegea, alitafuta kikapu haraka. Wakaenda kwa daktari wa mifugo.

Daktari alimfunua Soksi mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe.

"Damu imepungua sana," alisema. "Ikizidi kupungua, tutampoteza."

Chiriku akaweka kifurushi mezani. "Sumu ndiyo hii, Daktari."

Daktari alinusa, akachambua kwa kidole. "Huyu ni samaki wa kuchemshwa, hana chumvi, na miiba imetolewa. Aliyeandaa hiki amejisumbua kweli. Nyumbani anakula nini?"

"Wali na mchuzi kidogo," mama alijibu.

"Mchuzi una vitunguu?"

"Unavyo, lakini vipande tunavila wenyewe. Kwangu mimi hakuna ruhusa ya kubakiza kitunguu kwenye sahani. Huyu mwanangu zamani alikuwa anavikataa, sasa anavimaliza vyote."

Chiriku bado alivichukia vitunguu. Kila jioni alivifunga ndani ya kipande cha nyama, akavishusha chini ya meza, na Soksi akavimeza. Mama aliona sahani safi, akamsifu.

"Nisipojua ukweli nitatibu kwa kubahatisha," daktari alisema.

Soksi alikuwa anahema kwa shida. Machozi yakamtoka Chiriku. "Ni mimi. Vitunguu vyangu vyote nampa yeye. Kila siku."

Mama alimkazia macho, lakini daktari akamwahi. "Afadhali umesema. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu ya paka, na kitunguu saumu vilevile. Tena wali peke yake haumtoshi, maana paka ni mla nyama. Mpeni nyama au samaki wa kuchemshwa bila chumvi wala viungo, pamoja na chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya paka, na maji safi. Leo mwacheni hapa nimtibu."

Soksi aliporudi nyumbani amepata nafuu, mama alimshika Chiriku mkono hadi kwa Mama Fundi.

"Shikamoo, Mama Fundi. Nilikusingizia. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nilimwona amekonda, nikamhurumia. Nikajificha kwa sababu mtaa mzima unajua ugomvi wetu. Wakijua namlisha, nani ataiogopa rula yangu?" Alicheka, kisha uso ukabadilika. "Nimekusamehe, mwanangu. Ila yule mteja alichukua kitambaa chake. Anasema hashonewi na mtu anayeua wanyama."

Chiriku alimtazama mama yake.

"Umesikia," mama alisema. "Ulimchunguza jirani, hukuchunguza ulichokuwa unamlisha paka wako mwenyewe. Anayempenda mnyama humpa kinachomfaa, hamtupii asichokitaka yeye mwenyewe. Na uongo wako umemwumiza mtu, kwa hiyo utaufuta wewe mwenyewe."

Chiriku alikwenda hadi nyumbani kwa yule mteja, akabisha hodi. Mlango ulipofunguliwa, hakurudi nyuma.

"Shikamoo. Mama Fundi hakumpa paka sumu. Aliyemdhuru ni mimi."