Barabara Isiyo na Magari

Kila asubuhi Chapchap alimvusha mdogo wake barabara iliyopita mbele ya shule, na kila asubuhi roho ilikuwa mkononi. Alimshika mkono kwa nguvu, akaangalia kulia na kushoto, akapiga hatua, akarudi. Magari yalipita hapo kama yanafukuzwa. Muhula uliopita pikipiki ilimgonga mtoto wa darasa la pili akavunjika mguu, lakini manispaa ilijibu kwamba barabara hiyo haina magari ya kutosha kuwekewa matuta.

Ndipo klabu ya kompyuta ikaamua kuirekodi. Kamera ilifungwa juu ya geti, ikaunganishwa na kompyuta ndogo ambayo wanafunzi waliiunda wenyewe wakisaidiwa na mwalimu wao. Chapchap, aliyepewa jina hilo kwa sababu kukaa kitako hakukujua, alipewa kazi ya kiendeshi, yaani programu ndogo inayopokea picha kutoka kwenye kamera na kuikabidhi diski izihifadhi. Alijivuna nayo sana, maana darasa zima hakuna mwingine aliyeiweza.

Shida ilianza diski ya zamani ilipokufa na mwalimu akaleta nyingine. Hii mpya ilikuwa na nafasi tele, lakini kwa mkupuo mmoja ilipokea mzigo mdogo kuliko ile ya kwanza. Mwalimu alikuwa amewaeleza kwamba kila diski ina kikomo chake, na kiendeshi kinatakiwa kuiuliza kabla ya kuanza kazi. Chapchap hakuhangaika na hilo. Aliacha kipimo cha diski ya zamani, na skrini ikaanza kulalamika kwa maandishi mekundu: mzigo umezidi, umekataliwa. Maandishi yalitulia kidogo, kisha yakaja tena. Wenzake walikuwa uwanjani wakicheza mpira wa pete, na miguu yake ilikuwa inamwasha chini ya meza. Basi akaandika mstari mmoja tu wa kuyaficha maandishi yale, na skrini ikanyamaza. Mwalimu alipouliza kama diski imekubali, alijibu kwamba kila kitu kiko sawa, akatoka mbio.

Kamera ilirekodi wiki nzima. Siku moja kabla ya mhandisi wa barabara wa manispaa kuja kutazama rekodi hiyo, Chapchap aliifungua, mdogo wake akiwa amemwegemea begani.

"Dada, lori liko wapi?" mtoto akauliza.

"Lori gani?"

"Lile jekundu lililotupigia honi tukarudi mbio. Mbona hapa tumesimama tu, halafu tumeshavuka?"

Chapchap alirudisha nyuma, akatazama tena, akapeleka mbele. Barabara ilikuwa shwari siku zote, tupu kama ya siku ya mapumziko. Ndipo akaelewa. Barabara ikiwa tulivu, picha hazibadiliki sana, kwa hiyo mzigo wa data ni mwepesi na diski inaupokea. Magari yakipita kwa kasi, picha hubadilika kila sehemu, mzigo unakuwa mkubwa, diski inaukataa, na kilichokataliwa kinapotea. Alikuwa amefuta magari yote ya hatari, akabakiza ushahidi kwamba manispaa ilisema kweli.

Jioni hiyo hakutulia. Alifua soksi zilizokuwa safi, akafungua daftari akalifunga, akaenda mlangoni akarudi, mpaka mama yake akamuuliza kama ana siafu kwenye nguo. Aliwaza kusema kwamba diski mpya ni mbovu. Nani angejua? Kisha akamwona mdogo wake akipanga viatu vyake vya kesho, akaona aibu hata kumtazama.

Asubuhi alimkuta mwalimu akifungua ofisi.

"Mwalimu, diski ilikuwa inakataa. Mimi niliificha ile taarifa, halafu nikakudanganya."

Mwalimu alirudisha funguo mfukoni. Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Chapchap kuliko viboko. Aliuliza kama picha zilizopotea zinaweza kupatikana, akaambiwa haziwezi. Akasema mhandisi yuko njiani, na atakayemweleza ni Chapchap mwenyewe.

Mhandisi alikasirika, na alikuwa na haki. "Kwa hiyo mmeniita nije kutazama barabara tupu?"

"Si tupu, mzee," Chapchap alisema. "Mimi ndiye niliyeifanya ionekane tupu."

Akamweleza yote bila kuruka kitu. Mhandisi akatazama saa yake, akapumua kwa nguvu, akasema atarudi mara moja tu, basi.

Siku hiyo Chapchap hakuenda uwanjani. Aliandika kiendeshi upya ili kwanza kiiulize diski kikomo chake, kisha kila mzigo uliozidi ukatwe vipande na kupelekwa kimoja baada ya kingine. Maandishi mekundu aliyarudisha. Kelele za mpira ziliingia dirishani, miguu ikacheza chini ya meza, lakini alijaribu na kujaribu tena mpaka hakuna kipande kilichokataliwa.

Mhandisi aliporudi kutazama rekodi mpya, alikaa mbele ya skrini akiwa amekunja mikono. Lori likapita kwa kasi, na watoto wakaruka nyuma, mmoja akiangusha mkoba wake.

"Rudisha," akasema. Chapchap akarudisha. "Hebu tena." Alipoona mara ya tatu, akasimama, akatoa futi yake ya kupimia na kuomba aonyeshwe mahali watoto wanapovukia.

Siku mafundi walipomwaga lami ya matuta, mwalimu alisimama na Chapchap getini.

"Diski ile haikutaka kukuudhi," alimwambia. "Ilikuwa inakueleza ukweli, kwamba uwezo wake unaishia hapo. Ungeisikiliza, ingebeba kila kitu kidogo kidogo. Ukimnyamazisha anayekwambia ukweli, mambo hayabadiliki, ila wewe ndiye unayebaki hujui."

Chapchap aliitikia kwa kichwa, macho chini.

"Nawe asubuhi ile uliniletea habari mbaya," mwalimu akaendelea. "Sikuifurahia hata kidogo. Lakini ndiyo iliyojenga matuta haya."