Kifurushi cha Bibi Uulkan

Chumba cha kumbukumbu hakikuwa na bomba wala ndoo, lakini saa nne asubuhi Sairagul alisikia mtu anasuuza kitu majini. Sauti ilitoka nyuma ya makabati. Kuchovya, kuinua, kukamua. Kuchovya, kuinua, kukamua.

Aliweka kalamu chini. Sauti ikakoma.

"Kaka Toktosun, umesikia?"

Mzee Toktosun, mlinzi wa ofisi, alikuwa anachochea makaa jikoni. "Theluji inayeyuka paani, dada. Au panya wameamua kufua." Alicheka, kisha akamtazama usoni akaacha. "Ungepumzika nyumbani kidogo. Arobaini ya bintiyo imepita juzi tu."

Theluji haikuwa inayeyuka. Hata mto ulikuwa umeganda.

Kwa miaka ishirini na mitatu Sairagul alikuwa akikusanya maarifa ya wazee wa bonde la Kara-Tash kabla hawajazikwa nayo: dawa za mifugo, majina ya nyota, wimbo wa kumbembeleza kondoo aliyemkataa mwanawe. Aliihesabu kazi hiyo kuwa sadaka, ili wajukuu wa watu wasikose walichokijua babu zao. Bintiye Nurzat alizoea kumtania: "Mama, siku moja utatubandika namba na sisi." Nurzat alifariki mwezi wa Novemba, katika uzazi wake wa kwanza, yeye na mtoto. Wauguzi walisema ni damu. Sairagul alisema Mungu ndiye mwenye kutoa na kutwaa.

Sasa Asylkan, mke wa mwanawe, alikuwa mjamzito wa miezi tisa.

Siku ya pili ikaja harufu, ya sufu mbichi na damu, kama mahali palipochinjwa. Siku ya tatu Sairagul aliifuata mpaka rafu ya vitu. Bahasha namba 214 ilikuwa imelowa, inadondosha maji. Ndani mlikuwa na kishungi cha nywele ndefu za manjano.

Alizijua. Wakati wa vuli Bibi Uulkan, mganga wa mwisho bondeni, alileta kifurushi. Ujanani mwake alimkamata albarsty, yule jini wa kike anayemwibia mama anayejifungua pafu na kukimbilia nalo mtoni; pafu likishasuuzwa, mama hufa. Bibi alimkata nywele, akamwapisha asiguse tena mzazi wa bonde lile, akaandika kiapo katika kitabu kidogo na kuzishona nywele humo kwa uzi mmoja.

Uzi ule Sairagul aliukata kwa mkasi. Ndivyo ofisi ilivyofanya kazi: karatasi kwenye kabati la karatasi, vitu kwenye rafu ya vitu. Alifungua daftari la mapokezi. Mwandiko ulikuwa wake: tarehe tisa Novemba, vimetenganishwa.

Nurzat alifariki tarehe kumi na moja.

Sairagul alikaa sakafuni. Alikuwa bado hapo simu ilipolia. Alikuwa mwanawe, anahema. "Mama, Asylkan ameshikwa na uchungu."

Toktosun alikimbia kumleta Bibi Uulkan kwa gari la jirani. Kikongwe aliingia akipapasa ukuta, maana macho yalikuwa yamekwisha. Alinusa mara moja tu.

"Nilikupa mfungwa na mnyororo wake, mwanangu. Wewe umemweka mfungwa huku, mnyororo kule."

"Kwa nini hukuniambia, bibi?"

"Ningejuaje kwamba mtu aliyesoma atakata uzi?" Hakusema kwa hasira. "Lete kitabu na sindano, uzishone tena. Mimi siwezi tena kuishika. Mishono saba, na bismillahi kila mshono. Atakuita. Usimjibu. Ukijibu, uzi unakatika."

Sairagul alipiga mshono wa kwanza na sauti ya kusuuza ikaanza nyuma ya makabati, akapiga wa pili na maji yakatambaa sakafuni mpaka kwenye viatu vyake, meusi na ya baridi, na alipofika wa tatu harufu ya damu ilikuwa nzito hata ikamjaa kinywani, na kutoka huko nyuma, kwa upole, kama mtoto anayeomba kufunikwa usiku, ikaja sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu Novemba.

"Mama, maji ni ya baridi."

Akauma mdomo. Wa nne. Wa tano.

"Mama, mbona hunitazami?"

Wa sita.

"Mama, ukimaliza sitakuita tena."

Mkono ukasimama. Bibi Uulkan alikuwa akisoma dua kwa mnong'ono, bila kumhimiza. Toktosun alijifunika uso kwa kofia yake. Sairagul akawaza habari za Asylkan, kitandani, anasukuma. Akasema bismillahi, akapiga wa saba.

Kimya. Sakafu ilikuwa kavu.

Saa kumi mwanawe alipiga simu akilia na kucheka pamoja. Msichana. Wote wazima.

"Bibi," Sairagul aliuliza, "alikuwa yeye?"

"Aliivaa sauti yake tu. Nurzat yuko kwa Mungu."

"Una hakika?"

Kikongwe alimshika mkono.

Kesho yake Toktosun alikisogeza kifurushi karibu na jiko. "Kichome, dada. Yaishe."

"Nikikichoma, atakayekuja baada yetu atajua nini? Watoto wa watu watazaa bondeni humu tukiwa tumeshazikwa."

"Basi kifiche."

"Nilikuwa nimekificha, kaka. Kitabu kabatini, nywele rafuni."

Akalifungua daftari, ambalo mtu yeyote akiingia hupewa asome. Akaandika polepole: *Kitabu na nywele ni kitu kimoja. Visitenganishwe. Nilivitenganisha mimi. Siku mbili baadaye alifariki Nurzat, mwanangu, umri miaka ishirini na sita, pamoja na mtoto wake, ambaye hakuwahi kupewa jina.*

Kisha akatia sahihi, kama inavyompasa mtunzaji.