Anayeogesha Mtoto Haitwi

Leticia anaishi Lipangalala, Ifakara, pamoja na mume wake Remigius na mama mkwe wake, Apolonia. Ni wakulima wa mpunga. Mtoto wao wa kwanza aliitwa Dionisi. Alikuwa na miezi tisa, mnene na mcheshi. Beseni lake dogo la kuogea lilikuwa halimtoshi tena. Akikaa, miguu inatoka nje. Akipigapiga maji, beseni linapinduka.

"Mwogeshe kwenye lile kubwa la kufulia," alisema Apolonia. "Huyo ameshajua kukaa."

Leticia akalijaza beseni kubwa hadi nusu. Hakujua kwamba mtoto akikua anahitaji kuangaliwa zaidi. Watu wengi hufikiri kinyume. Kila siku nawasikia: "Huyu ameshakomaa." Amekomaa wapi, na meno ni mawili?

Siku moja mpunga ulikuwa umeanikwa uani juu ya turubai. Leticia alikuwa nyuma ya jiko, anamwogesha mtoto. Mara mvua ikaanza kushuka.

"Leticia! Mpunga unalowa!" aliita Apolonia.

"Namwogesha mtoto, mama."

"Si amekaa? Ataenda wapi? Njoo ushike huku!"

Mkwe akiita, unaitika. Leticia akaenda. Wakakunja turubai, wakauburuta mpunga hadi ndani. Haikuchukua muda. Dionisi hakulia, wala hakupiga kelele. Leticia aliporudi alimkuta kifudifudi majini. Walimkimbiza hospitali kwa bodaboda, lakini alikuwa ameshafariki.

Mpunga ulipona. Ukakobolewa, ukapikwa, wakala waombolezaji. Leticia hakuutia mdomoni. Mimi jirani yao nilikuwepo msibani, na mpaka leo nikikumbuka naona uchungu.

Baadaye akazaliwa Noela. Naye akakua, beseni dogo likawa halimtoshi. Safari hii Leticia hakumtia mtoto majini kabisa. Alikuwa anamfuta kwa kitambaa tu. Remigius akimwambia amwogeshe, Leticia analia. Mtoto akatokwa na vidonda shingoni, makwapani na kwenye mikunjo ya mapaja. Usiku hakulala, na mama yake hakulala.

Remigius akamwita Zena, mhudumu wa afya wa mtaa wao.

"Shikamoo, mama," Zena alimsalimia Apolonia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Zena akamfunua mtoto, akamtazama vizuri.

"Leticia, ngozi hii inataka maji."

"Maji yaliniulia mtoto, dada Zena."

"Najua. Maji yalikuwa mengi, na mtoto alikuwa peke yake. Hayo mawili tunaweza kuyabadilisha leo. Beseni kubwa liko wapi?"

"Nililitupa."

Zena akaenda kuchukua la kwake. Kwanza akamwagiza Leticia alete kila kitu karibu: sabuni, kitambaa, kanga ya kumfutia, nguo safi. Akatandika kitambaa ndani ya beseni ili mtoto asiteleze. Akamimina maji ya baridi, kisha akaongeza ya moto kidogo kidogo.

"Ya moto yasitangulie kamwe. Mtoto anaweza kujitupa humo kabla hujachanganya. Sasa tia kiwiko. Unasikiaje?"

"Vuguvugu."

"Basi, yanatosha."

"Mbona kidogo hivyo?" aliuliza Apolonia. "Hayafiki hata kiuno chake! Sisi tumelea watoto wengi, hatukufundishwa haya."

"Mmelea, mama. Lakini mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito. Akiangukia mbele hajui kujiinua. Hata maji kidogo yanamuua. Na anayezama halii, mdomo umejaa maji."

Leticia akamkalisha Noela majini. Zena akamwonyesha namna ya kumshika: mkono mmoja uwe kwa mtoto wakati wote, mwingine ndio uoshe.

"Na nikiitwa?" aliuliza Leticia. Alitazama chini.

"Mtoe majini kwanza. Mfunge kanga, uende naye. Kitu kisichoweza kusubiri hivyo, kiache kiharibike."

"Hata mpunga?"

"Hata mpunga. Pia usimwachie mtoto mwingine mdogo amwangalie. Ukimaliza, mwaga maji yote palepale."

Zena akamwambia pia ampeleke Noela zahanati kwa ajili ya vidonda. Huko mtoto akapewa dawa, na Leticia akaanza kumwogesha kila siku. Mikunjo ikakauka. Mtoto akalala usingizi. Siku hizi katika nyumba ile, anayeogesha mtoto haitwi. Remigius akirudi shamba na njaa yake, anakaa anasubiri. Na kweli mtoto amenawiri, ukimwona utapenda.

Lakini msidhani kila kitu kimepona. Juzi nilikwenda kuwasalimu. Leticia alikuwa anamwogesha Noela, na Apolonia amekaa pembeni ameshika kanga. Noela alikuwa anacheka.

"Huyu, Mungu ametuachia," alisema Apolonia. "Yule wa kwanza Mungu alimpenda zaidi."

Leticia hakuinua kichwa.

"Mungu tusimsingizie, mama. Mtoto tulimwacha majini."

Nikaona aibu kuwepo pale. Sijawahi kumsikia akimjibu mkwe wake namna ile. Apolonia akaiweka kanga magotini.

"Niliita mimi," alisema.

"Na mimi nikaitika," alisema Leticia.

Akamtoa Noela majini, akamkabidhi bibi yake amfute.